Hao mahipi walikaa nyumba gani? Barua ya wazi kwa wanaosimamia utalii wa Bagamoyo

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristu. Wakubwa zangu shikamooni, na mlio wadogo kwangu hamjambo.

Mimi ni mama mtembeza wageni. Mwaka huu natimiza miaka 19 katika kazi hii. Nimezaliwa Bagamoyo, nimekulia Dunda, na njia za Mji Mkongwe nazipita hata umeme ukikatika usiku. Nawaandikia kwa sababu nilikuwa miongoni mwa watu walioitwa kutazama picha za matangazo mnayotaka kuutangazia mji wetu. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukapewa maji na soda, picha zikapita ukutani moja baada ya nyingine. Muda wa maswali ulikuwa dakika kumi, na waliotangulia kunyoosha mkono waliumaliza. Nikarudi nyumbani na maneno yangu kooni. Ndiyo haya.

Picha ya kwanza ilikuwa kombi la zamani la Volkswagen, limechorwa maua ubavuni, limeegeshwa mbele ya mlango wa nakshi wa Barabara ya India. Ya pili, kijana mwenye rasta amefumba macho, moshi umemzunguka, ngoma ipo mapajani. Ya tatu, Wazungu wanne wamejilaza ufukweni, na juu yao maneno ya kigeni ambayo kwa lugha yetu yangekuwa hivi: njoo Bagamoyo, hapa miaka ya sitini bado haijaisha, bwaga moyo, usijali kitu.

Wazo hili la kuutangaza mji wetu kama mji wa mahipi silidharau, na najua lilikotoka. Miaka ya sabini mahipi, wale vijana wa Magharibi wa nywele ndefu na maua, walifika Lamu, wakakaa, wakaondoka na sifa za mji ule, na sifa zile zikaleta wageni wengine hadi leo. Mtu akitazama Lamu, kisha akatazama barabara yetu ya pwani saa kumi jioni, anaona mabasi madogo yanageuza kurudi Dar es Salaam na wageni wote ndani, wala hawezi kumlaumu anayetafuta njia. Dar ni kilomita kama 70 tu. Mgeni anakuja asubuhi, analipa kiingilio, anakunywa soda, anakula chipsi, jioni hayupo. Nanyi mlisema pale ukutani kwamba mgeni wa kihipi hana haraka, analala wiki mbili, anakula kwa mama lishe, anashona shati kwa fundi wa mtaani. Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho yangu. Mpwa wangu anauza shanga na batiki karibu na pwani, na siku ile alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Hana kazi nyingine. Nilipomtazama nilishindwa kukasirika.

Lakini niambieni, mgeni akishalipa nauli kwa ajili ya tangazo lile, akashuka, akaniuliza, "Hao mahipi walikaa nyumba gani?" nitamwonyesha nyumba ipi?

Mwaka 1967 vijana walipofurika San Francisco na maua kichwani, hapa kwetu ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Kijana wa Kitanzania aliyemaliza shule alikuwa anapelekwa Jeshi la Kujenga Taifa, akakimbia mchakamchaka alfajiri na kushika jembe mchana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, marufuku sketi fupi, marufuku mawigi, marufuku suruali za kubana, marufuku dawa za kujichubua. Marehemu mama yangu alikuwa msichana wakati huo, anaishi kwa shangazi yake Dar es Salaam. Alinisimulia mara nyingi jinsi vijana wa operesheni walivyowavamia wasichana Kariakoo hata kabla amri haijaanza kazi. Yeye alikuwa amevaa sketi inayoishia juu ya goti. Alikimbilia dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi, akafunikwa kitambaa cha mita mbili ambacho mwenye duka hakutaka kulipwa, akarudi Bagamoyo kesho yake. Kitambaa kile alikitunza. Kilikuwa cha rangi ya samawati chenye mistari, na nilikikuta sandukuni baada ya msiba.

Hiyo ndiyo miaka ya sitini iliyopita katika nyumba yetu. Ina mambo ya kusimuliwa, tena mazito, na mgeni angekaa kimya akiyasikiliza. Mtu anayeandika kwamba kipindi kile hapa kilikuwa cha maua na kujilaza anamfuta mama yangu, na anawafuta vijana wote waliolima, walioimba nyimbo za siasa, waliovaa bugaluu kwa kujificha. Ananitaka na mimi nikawafute, kila siku, mbele ya wageni, kwa mdomo wangu mwenyewe. Kazi yangu haina mtaji mwingine zaidi ya kuaminiwa. Siku mgeni akigundua nimemdanganya kuhusu kombi, hataniamini nikimwambia kuhusu magofu ya Kaole.

Hata huko ambako mambo hayo yalitokea, kuishi kwa kumbukumbu ile si kazi nyepesi. Kuna mji mdogo jimbo la New York, Marekani, unaitwa Woodstock. Unauza fulana za rangirangi na alama za amani, na wageni hufika kwa sababu ya tamasha la muziki la Agosti 1969 lenye jina hilo. Tamasha lenyewe halikufanyika Woodstock. Lilifanyika Bethel, zaidi ya kilomita 60 kutoka pale, katika shamba la mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, Max Yasgur, wakakusanyika watu zaidi ya 400,000. Makumbusho ya tamasha yapo huko Bethel. Mji wenye jina halisi la tamasha unalazimika kuwaeleza wageni kwamba shamba wanalolitafuta haliko hapo. Sisi ambao hatuna jina wala shamba tutaeleza nini?

Na mahipi wenyewe hawakupenda kuuzwa. Mtaa wao mkubwa San Francisco uliitwa Haight-Ashbury. Oktoba 6, 1967, baadhi ya wakazi wake walibeba jeneza mitaani wakafanya mazishi ya "hipi", maana magazeti na wafanyabiashara walikuwa wamemgeuza bidhaa. Walimzika wao, mwaka uleule aliopata umaarufu. Sisi tunataka kumfukua miaka zaidi ya 50 baadaye, tumlete Bagamoyo, tumvike kikoi.

Sasa nije kwenye jina letu, maana hapo ndipo nilipoumia zaidi.

"Bwaga moyo" mmeifanya ina maana ya kulala chali. Kila mtembeza wageni wa hapa anasimulia maana mbili za jina hili, na anasimulia zote mbili kwa heshima. Moja ni ya wapagazi. Wanyamwezi na wenzao walitoka bara, wengine Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, safari ya kilomita kama 1,200 kwa miguu, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 30, pembe za ndovu begani au kichwani kwa miezi kadhaa. Walipoiona bahari walijua mzigo unatuliwa: moyo umebwagwa, tumefika. Maana ya pili ni ya waliokuja wamefungwa. Kwao bahari ilikuwa mwisho wa kurudi nyumbani, na kubwaga moyo kulikuwa kuuacha moyo huku bara kwa sababu mwili unavushwa. Nikisimama na wageni pale Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, nikazieleza maana hizi mbili polepole, huwa sina haja ya kuongeza neno. Nimewahi kumwona baba wa makamo kutoka Marekani, mweusi, ameshika ukuta kwa viganja viwili, hasemi kitu, mkewe amemshika mgongo. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Mtu yule nitampokeaje chini ya bango linalosema usijali kitu?

Pwani mnayotaka kuwalaza wageni wenu ina mnara wa kumbukumbu ya watu walionyongwa na Wajerumani. Vita vya Abushiri bin Salim vilianza 1888, vikapita hapa, naye mwenyewe akanyongwa Pangani Desemba 1889. Hatua chache tu kutoka kwenye mnara mmechora watu wamejilaza na chupa. Sitaki kuamini kwamba mchoraji aliambiwa.

Nizungumzie na moshi. Picha ya pili ina moshi ambao haujatajwa jina, lakini kila mtu mle ndani aliuelewa, na vijana walicheka. Bangi ni kosa kwa sheria yetu ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 2015, na kabla ya hapo pia ilikuwa kosa. Tangazo linamwambia mgeni kwamba hapa mambo hayo ni ya kawaida. Anafika, anamuuliza nani? Anamuuliza mpwa wangu. Anamuuliza kijana wa boda. Mtoto wa jirani yangu aliwahi kuulizwa hivyo na wageni wawili wapole kabisa, akaona elfu kumi ya haraka, akaenda kuwatafutia. Alikamatwa njiani. Wageni walishika ndege yao kama walivyopanga, na mama yake alishinda wiki nzima kwenye benchi la kituoni na chakula kwenye kontena. Wanaobaki na kesi ni watoto wetu, siku zote.

Tena mnajua, kama mimi ninavyojua, kwamba pwani hii imeumizwa na unga. Bagamoyo ina nyumba ya upataji nafuu kwa wanaoacha unga, na kuna mama anayeuza vitumbua asubuhi ambaye amewapeleka watoto wake wawili matibabuni. Huwezi kuuweka moshi kwenye bango barabarani huku kijana anajaribu kupita chini yake akarudi kwenye uhai wake. Katika barua yote hii, jambo hili ndilo ninaloomba lisijadiliwe. Picha ile iondoke.

Na ngoma iliyo mapajani mwa kijana yule ni djembe. Djembe ni ngoma nzuri sana ya Afrika Magharibi, ya Mali na Guinea. Mmekuja katika mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho leo tunakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mji unaofanya tamasha la sanaa na utamaduni tangu miaka ileile ya themanini mwanzoni, mkaweka ngoma ya watu wengine kwenye picha. Hapa tuna chapuo, tuna vumi, tuna msondo. Tuna mdundiko unaotoa watu ndani ya nyumba. Hapa aliishi na kufanya kazi mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, na zeze lake na ilimba yake, akasikika dunia nzima kutokea mji huu mpaka alipofariki mwaka 2003, na ukoo wake haujaacha kupiga.

Ninyi mmewahi kukaa na mwambaji wa ngoma? Ngozi inalowekwa, inanyooshwa juu ya mzinga wa mti ingali mbichi, inapigiliwa vigingi vya mti kimoja upande huu, kimoja upande wa pili, ili isiende mrama. Halafu inaachwa ikauke kivulini siku kadhaa. Kabla ya kupigwa inaota moto wa makuti, na mwenyewe anaigonga kwa kidole kimoja, anasikiliza, anaigeuza, anaigonga tena. Mgeni mmoja Mholanzi alikuja kwa siku moja, akaiona kazi hiyo, akafuta safari yake ya kwenda kwingine, akakaa wiki tano akijifunza. Alikula kwa mama lishe. Alishona mashati mawili. Alimlipa mwalimu wake kila Ijumaa. Yote mliyoyatarajia kwa hipi mliyapata kwa mwanafunzi, na mwanafunzi aliondoka na kitu anachoweza kumfundisha mwingine.

Hapo ndipo ninapokubaliana nanyi na hapo hapo ndipo ninapotofautiana. Tunataka mgeni alale. Analazwa na nini? Mimi nasema analazwa na kazi za watu wa hapa. Mji huu umejengwa na watu wa kazi kuanzia wapagazi. Chuma, Susi na wenzao walibeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, wakaifikisha hapa Februari 24, 1874, ikalala usiku mmoja katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar. Watu wengi wanakumbuka jina la aliyebebwa. Sheikh Ramiya aliletwa hapa mtoto, mtumwa kutoka Manyema, akasoma, akafundisha, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria mpaka alipofariki mwaka 1931, na watu wanakuja hadi leo kumsomea. Mtu huyu peke yake ni safari ya siku nzima: alikosoma, alikofundisha, alikozikwa. Kwenye picha zenu hayumo, wala jina lake sikuliona popote.

Nendeni pwani kwenye majahazi. Fundi kalafati anakaa chini ya ubavu wa mashua maji yakitoka, pamba mkono mmoja, nyundo ya mti mkono wa pili. Anasokota pamba, anaisukuma kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu, anagonga. Mwanya ukiwa na njaa mlio ni mzito. Ukishiba mlio unakuwa mkavu, naye anahama bila kutazama. Baadaye inakuja deheni, mafuta na chokaa, inapakwa kwa mkono. Mgeni akikaa pale nusu saa anaanza kuusikia ule mlio unavyobadilika, na akiusikia hatoki. Lakini fundi hana hata kibao kinachosema anafanya nini, hana bei ya mtu kutazama na kujaribu, na wageni wanampiga picha bila salamu kisha wanapita. Papasi, wale wanaovizia wageni njiani, wanachukua chochote kinachotolewa, yeye anabaki na pamba yake.

Fedha ya mabango yale, na najua ni fedha, naomba ianzie kwake. Ianzie kwa mwambaji wa ngoma na kwa mama wa samaki, kuwe na utaratibu wa malipo unaoeleweka, mgeni alipe na fundi apokee. Vibao vya mahali pa kale viandikwe Kiswahili pia, maana watoto wa shule wanakuja kwa mabasi kutoka Morogoro na Dar, wanasimama mbele ya makaburi ya Kaole wakisubiri mwalimu awatafsirie habari za babu zao. Vijana kama mpwa wangu wafundishwe historia ya mji huu vizuri, wapewe vitambulisho, watoke kwenye kuuza shanga peke yake waingie kwenye kutembeza. Mpwa wangu ana kumbukumbu kali kuliko yangu. Nilimsimulia kisa cha Chuma na Susi mara moja, akakirudia kwa marafiki zake usiku uleule bila kuacha kitu.

Mavazi nitayasema kwa kifupi. Mji huu una misikiti na kanisa, na Kaole bado watu wanapeleka dua. Mgeni akiambiwa mapema avae nini na wapi hakasiriki, anashukuru. Anayeaibika ni yule aliyeona kwenye tangazo watu nusu uchi, akafuata mfano huo hadi makaburini.

Nimesikia mmoja wenu akisema kwamba historia ya utumwa na kunyongwa inawachosha wageni, wanataka kupumzika. Kwa miaka 19 wageni wangu hawajachoka na ukweli. Wamechoka na jua, wamechoka na kusimama bila maji, wamechoka na kusumbuliwa na wauzaji, wamechoka na paa linalovuja kwenye jengo walilolilipia kiingilio. Hayo tunaweza kuyarekebisha, na pesa ya mchoraji wa kombi ingetosha kuanzia.

Naomba matangazo hayo yasichapwe kabla hamjatembea nami. Jumanne ijayo maji yatakuwa yametoka asubuhi na fundi ameahidi kuwa chini ya mashua. Tukutane Caravan Serai saa kumi na mbili na nusu, kabla ya jua kali, tutelemke kwa miguu hadi forodhani, tupite kwenye mnara, tumalizie kwa mwambaji wa ngoma. Chai na vitumbua juu yangu. Vaeni viatu vya kuvuka matope, na mje na mchoraji wenu.

Wenu katika kazi,
Mama mtembeza wageni,
Mji Mkongwe, Bagamoyo